Fundi wa Kufuli Alivyotulizwa

Treni iliishia njiani. Kondakta alipita behewa kwa behewa akitangaza kwamba mbele reli imefumuliwa kwa matengenezo, na anayetaka kuendelea atafute usafiri mwingine au asubiri. Nimesafiri vya kutosha kujua kwamba kusubiri kwa namna hiyo hakuna mwisho, nikachukua begi langu nikashuka katika mji ambao asubuhi yake nilikuwa sijui kama upo. Muuza chai wa stesheni alinielekeza: pita nyuma ya ghala la saruji, fuata ukuta wa shule, utaona nyumba ya ghorofa yenye ufunguo mkubwa wa njano uliochorwa ukutani. Chini ni karakana ya fundi wa kufuli, juu wanalaza wageni.

Aliyesimamia vyumba ni mke wa fundi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, mikono ya blauzi ameikunja hadi viwikoni. Alinipa chumba cha mwisho. Nilipozungusha ufunguo mlangoni ulikatika, nusu ikabaki mkononi na nusu ndani ya kitasa. Nikashuka ngazi nimeushika kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

"Umekuja na mkono mzito, mgeni," alisema. "Usijali. Fundi yupo, ila duka limefungwa kidogo."

Nikatazama karakana. Milango ilikuwa wazi, taa inawaka, na fundi mwenyewe alikuwa nyuma ya meza yake ya kazi, amenikazia macho.

"Si yule pale?"

"Ndiye. Amefungwa. Kidonge kameza sasa hivi. Kaa unywe chai, atafunguka."

Nikakaa. Yule mzee hakupepesa jicho. Uso wake ulikuwa kama uso uliochorwa, na mkono wa kulia uliokuwa juu ya goti ulitetemeka bila kupumzika, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anaviringisha kipande cha nta. Nzi alitua kwenye shavu lake akatembea hadi pembeni mwa mdomo. Mkewe akaja akamfukuza kwa kitambaa, akarudi kupanga vikombe.

Kisha, chai yangu ikiwa imepoa, nikaona ukope umeshuka na kupanda. Bega likafuata. Mzee akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetoka kwenye maji, akasimama, akaninyooshea kiganja nimpe kile kipande cha ufunguo.

"Huu umeuvunja kwa hasira au kwa mapenzi?" akaniuliza.

"Kwa uchovu, mzee."

"Afadhali. Wa mapenzi huwa wananirudia."

Alipanda ngazi mbele yangu, mwepesi kuliko mimi. Akapiga magoti mbele ya mlango, akaingiza waya mwembamba wenye ndoano, akafumba macho, na kile kipande kikatoka kama mbegu ya chungwa. Mkono ule uliokuwa ukitetemeka sasa ulikuwa umetulia juu ya chuma kuliko mkono wa daktari wa macho.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu. Mji mzima ulimwita Fundi Funguo, na hakukuwa na mlango wa maana pale mjini ambao hakuwa ameugusa: benki, ghala, shule, nyumba za wakubwa na za wadogo. Nilikaa nikingoja reli, na kwa kuwa sina pa kwenda mchana, nilizoea kuvuta kiti hadi karakanani. Nilimjua akiwa amefunguka na akiwa amefungwa. Maneno hayo alikuwa ameyabuni yeye mwenyewe, ili mkewe aweze kuwaambia wateja "duka limefungwa" bila kusema uongo.

Maana uongo mmoja ulikuwepo tayari, na ulikuwa mkubwa. Mteja akiuliza kuhusu mkono, jibu lilikuwa moja, kwa fundi, kwa mkewe, kwa kila ndugu: ni mashine. Ile mashine ya kuchongea funguo imemtikisa miaka mingi hadi mkono umezoea. Watu walitikisa vichwa kwa huruma, wakaitazama mashine kwa chuki.

"Wewe ungempa ufunguo wa nyumba yako mtu mwenye ugonjwa wa ubongo?" mkewe, mama mwenye nyumba, aliniuliza siku niliposhangaa. "Wakisikia ubongo watasema kichaa. Wakisema kichaa, nani ataleta kitasa hapa? Fundi bila wateja atakufa kabla ugonjwa haujamuua."

Ugonjwa wenyewe ni ule wa Parkinson. Aliyenieleza kwa utulivu ni mfamasia wa duka la dawa la upande wa pili wa barabara, dada mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliyependa kufafanua mambo kuliko kuuza. Ndani kabisa ya ubongo, alisema, kuna kisehemu kidogo chenye rangi ya giza, na seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kati ya kutaka kunyanyua kikombe na kukinyanyua kuna njia, na dopamini ndiyo inayoilainisha njia hiyo. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa kimyakimya, miaka mingi kabla ya kidole cha kwanza kutetemeka. Ukimeza dopamini yenyewe haisaidii, maana ubongo una ukuta wake unaochagua wa kuingia, na yenyewe haipiti. Kwa hiyo mgonjwa humezeshwa malighafi yake, levodopa. Hiyo ukuta unaikubali, na ikishaingia hugeuzwa kuwa dopamini kulekule inakohitajika. Ndani ya kidonge kuna pia dawa ya pili, kama msindikizaji, inayozuia malighafi isigeuzwe njiani kabla ya kufika, maana huko ingemletea mtu kichefuchefu tu.

"Na haidumu," alisema. "Inapanda, inafanya kazi, inashuka. Ndiyo maana mzee wako anafunguka na kufungwa."

Mama mwenye nyumba naye alikuwa na kisa chake kuhusu vidonge hivyo, na alikisimulia akijicheka. Mwanzoni alikuwa akimpa mumewe dawa pamoja na maziwa na mayai mawili, maana dawa kali inataka chakula cha nguvu. Fundi akawa hafunguki mpaka jioni. Kumbe protini ya chakula na levodopa hupita lango moja, utumboni na kwenye ukuta wa ubongo, na zinapogombania lango mayai hushinda. Tangu hapo kidonge kikawa kinamezwa kwa maji, mapema, na mayai yanangoja zamu yao.

"Mwaka mzima namshindanisha mume wangu na kuku," alisema. "Na kuku anashinda."

Kama ingekuwa mkono tu, ningemaliza safari yangu na kumkumbuka fundi kama mtu mcheshi niliyekutana naye njiani. Lakini alianza kuona watu. Siku moja nimekaa naye mchana, karakana tupu, akainua uso kutoka kwenye jiliwa lake, lile bano la chuma lililofungwa mezani, akasema kwa adabu kuelekea mlangoni: "Subirini kidogo, ndugu zangu, huyu nammaliza sasa hivi." Mlangoni hapakuwa na mtu. Kwake yeye palikuwa na foleni. Aliniambia mmoja ameshika kitasa cha kizamani, mwingine kavaa koti la mvua. Hawasemi neno.

"Unajua kwamba hawapo?" nikamuuliza.

"Najua. Lakini wamesimama, na mimi sijazoea kumwacha mteja amesimama."

Mfamasia hakushangaa alipoambiwa. Ugonjwa wenyewe unaweza kuleta hayo, alisema, na dawa pia, kwa kuwa dopamini haiendi mahali pamoja tu. Ikizidi upande mwingine wa ubongo, ubongo huanza kujitengenezea picha. Inafaa daktari wake aangalie upya vipimo vya vidonge. Daktari huyo alikuwa hospitali ya mkoa, mwendo wa siku nzima kwa gari. Mama mwenye nyumba akasema wataenda reli ikitengemaa.

Foleni haikungoja reli. Asubuhi moja nikiwa juu nilisikia kishindo, nikashuka mbio. Fundi alikuwa amesimama katikati ya karakana, anatweta, na mkewe amekaa sakafuni amebana paji la uso, damu inapita kati ya vidole. Wale watu wa mlangoni, alisema fundi, leo walikuwa wameingia ndani na kuanza kuchukua funguo za wateja. Akawarushia tupa yake ya kusugulia funguo. Tupa ilipita mahali ambapo hapakuwa na watu, ikampata mkewe aliyekuwa anaingia na chai.

"Nimekupiga mimi?" aliuliza.

"Hukunipiga mimi," alisema mkewe. "Uliwapiga wao. Kaa chini."

Siku hiyohiyo alikuja mdogo wake fundi, dereva wa lori la saruji, jitu la mabavu lenye moyo laini. Alilia alipoona jeraha la shemeji yake, kisha akatoka bila kuaga, na jioni akarudi na kichupa cha plastiki. Alikuwa amekwenda zahanati ya mji wa jirani kuomba dawa ya kumtuliza kaka yake.

"Ni matone tu, shemeji. Hayana rangi, hayana ladha. Unamtilia kwenye chai, hatajua. Wamesema atatulia."

"Umewaeleza vizuri?"

"Nimewaeleza kila kitu. Anaona watu, anarusha vyuma, amemtoa mkewe damu."

Fundi alitiliwa matone. Kesho yake foleni haikuwepo. Na mkono haukutetemeka.

Kiswahili chetu kimejaa sifa kwa aliyetulia. Mtoto katulia, mume katulia, maisha yametulia. Katika lugha nyingine ninazozungumza, neno la hali ile lingeweza kuwa na harufu ya kaburi au ya jela. Kwetu ni baraka. Majirani walikuja kutazama. Walimkuta fundi kakaa kitini mwake, mikono miwili juu ya magoti, kimya, na wakampongeza mkewe. Mwenye kibanda cha viatu alisema hata uso umetakata. Mdogo mtu alikaa karibu naye, akakishika kile kiganja kisichotikisika, akakigeuza huku na huku kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Mashine imeshindwa, kaka," alimwambia. "Mkono huu hapa."

Mama mwenye nyumba alilala mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nami nilifurahi pamoja nao.

Lakini kidonge cha asubuhi kilipita na fundi hakufunguka. Cha mchana kikapita. Siku iliyofuata mkewe alimkuta katika mkao uleule aliomwachia, shingo imekakamaa, mate yametiririka hadi kifuani. Tulipojaribu kumsimamisha tuliinua kitu kizima, kama mlango uliotolewa kwenye bawaba. Macho peke yake ndiyo yaliyokuwa yanatembea, yananifuata mimi, yanamfuata mkewe, na ndani ya macho hayo fundi alikuwepo mzima, anajua, anaona. Mkewe akaongeza kidonge. Hakuna. Akaondoa mayai, akaondoa maziwa, akaondoa maharage, akabaki anampa uji mtupu kwa kijiko, na uji ukaanza kumpalia.

Vidonge vilipoisha kabla ya wakati alivuka barabara kununua vingine. Mfamasia akauliza kwa nini vimeisha mapema. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: anameza nini kingine?

Alikuja mwenyewe na miwani mkononi. Mdogo mtu alikuwepo. Mfamasia aliinua kile kichupa kwenye mwanga, akasoma maandishi yake, akaketi.

"Zahanati mliwaambia ana Parkinson?"

Mdogo mtu alimtazama shemeji yake. "Waliniuliza kama ana ugonjwa mwingine. Nikasema hana. Nikasema mkono unatetemeka kwa sababu ya mashine."

"Kwa nini ulisema mashine?"

"Si ndivyo tunavyosema?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayesingiziwa. "Miaka yote tunasema hivyo. Ningeanzaje kusema vingine kwa watu nisiowajua?"

Mfamasia hakumkaripia. Alinyoosha kidole kuelekea ubao ambapo makufuli ya fundi yalikuwa yametundikwa. Dopamini, alisema, haifanyi kazi kwa kuelea tu. Kwenye kila seli inayoipokea kuna kama tundu la kufuli. Dopamini inaingia, inazunguka, na mwili unasogea. Dawa nyingine za usingizi na za kutuliza hazigusi tundu hilo, zinapunguza tu kelele za ubongo mzima, na mtu analala. Lakini haya matone ni ya namna nyingine. Yanaingia kwenye tundu hilohilo la dopamini na yanakaa humo bila kuzunguka. Kwa mtu ambaye ubongo wake una dopamini nyingi, hilo huondoa picha za uongo na hasira. Kwa fundi, aliyebakiwa na kidogo, ni kumzibia hata hicho kidogo.

"Basi vidonge vyake?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Vinaingia, mama. Vinageuka. Vinafika mlangoni, vinakuta kipande cha ufunguo mwingine kimekatikia ndani."

"Na mkono uliotulia?"

"Mwanzoni alikuwa na usingizi, na mtetemo huo huzimika mtu akilala. Baada ya hapo..." Alitafuta neno. "Hajatulia. Amekakamaa."

Wote tulimgeukia fundi. Alikuwa kwenye kiti chake, pamoja nasi, anasikia kila kitu. Mkewe alimwendea akapiga magoti, akamshika kile kiganja cha kulia, akakitikisa polepole kwa mkono wake mwenyewe, kana kwamba anakikumbusha.

Matone yakamwagwa. Mfamasia alionya kwamba kuyamwaga siyo kuyatoa mwilini. Yanajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu, yanapotaka, na kwenye yale matundu yanabanduka kwa kusitasita. Inaweza kuwa siku chache, inaweza kuwa wiki kadhaa. Hakuna dawa ya kuyafukuza. Kinachotisha zaidi ni koo, maana asiyeweza kumeza chakula hawezi kumeza kidonge, na akipaliwa, uji utaingia mapafuni.

Nimekaa katika miji yenye vita na sijaona watu wakiuchunguza mkono wa mtu namna ile. Walikuwa wameomba usitikisike. Sasa waliomba utikisike. Mama mwenye nyumba alimwosha mumewe, akambadilisha, akarudi kutazama kidole gumba. Mdogo mtu alikuwa akifika na vumbi la saruji kwenye kope, hasalimii, anauliza tu: "Bado?" Mara moja alidai amekiona kimesogea. Tukainama wote. Ulikuwa mshipa wa damu unapiga.

"Shemeji, mimi ndiye niliyemfunga," alisema.

"Tulimfunga wote," alijibu mama mwenye nyumba. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusema mashine. Shika huku, tumgeuze."

Mteja mmoja alikuja na kufuli la ghala, akauliza kulikoni. Mama mwenye nyumba akamwambia mume wake ana ugonjwa wa ubongo, unaitwa Parkinson, na amepewa dawa isiyomfaa. Alisema kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia. Mteja akabaki ameshika kufuli lake, hajui aliache au aondoke nalo. Akaliacha.

Asubuhi moja fundi alipopaliwa na maji matupu, na kifua kikaanza kukoroma, mfamasia alisema hakuna tena la kungoja. Hospitali ya mkoa wanaweza kumpitishia dawa kwa mpira wa puani, na yuko daktari anayejua dawa nyingine ya kuondoa foleni mlangoni bila kuziba tundu. Reli ilikuwa bado imefumuliwa. Palikuwa na lori la saruji.

Tulimshusha na kiti chake. Mdogo mtu alimbeba kifuani kama mkeka uliokunjwa, akampandisha upande wa abiria, akamzungushia blanketi na mkanda. Mfamasia aliandika kwenye karatasi jina la ugonjwa na jina la yale matone, akaibandika kwa pini kwenye koti la fundi, mbele, kwa herufi ambazo hata asiyetaka kusoma angesoma. Akamwambia dereva: "Mtu yeyote akitaka kumpa kitu, mwonyeshe hapa kwanza. Usiseme mashine."

"Sisemi tena," alisema.

Mama mwenye nyumba alipanda akaketi katikati, kisha akanitazama kupitia dirisha. Wageni wengine hawakuwepo. Alinipa rundo la funguo za vyumba vyote, akafikiri kidogo, akaongeza na ufunguo wa karakana.

"Kaa na nyumba, mgeni. Wakija wateja waambie ukweli."

"Niwaambie anarudi lini?"

"Huo siujui."

Nilisogea upande wa fundi. Dirisha lilikuwa limeteremshwa. Macho yake yalinifuata, yakateremka hadi kwenye mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya blanketi, yakarudi kwangu. Hata yeye alikuwa anaungoja. Nikauangalia pamoja naye kwa muda wote ambao mdogo wake alihangaika kuwasha injini. Lori lilipokubali, kila kitu mle ndani kilitikisika: kioo, mkanda, pindo la blanketi, karatasi kifuani. Mama mwenye nyumba akauinua ule mkono juu kidogo, mbali na mtikisiko wa gari, aone kama una mtetemo wake wenyewe. Aliushikilia hewani hivyo hadi wakapita ukuta wa shule, na kwa kadiri nilivyoweza kuona haukuwa unatetemeka.